Bizimu la Fedha na Nakshi ya Mkono: Somo kwa Mafundi wa Kwale

Katika Kiswahili neno fedha lina maana mbili: ni madini meupe yang'aayo, na tena ni mali ya kununulia vitu. Jambo hilo si la kustaajabisha, kwa kuwa kwa karne nyingi sarafu zilizopita mikononi mwa watu wa pwani zilikuwa za madini hayo yenyewe. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu, zilizofukiwa yapata karne ya 11. Kwa hiyo mtu wa pwani anayeshika nyundo na kipande cha fedha hashiki kazi ya ugenini.

Somo hili laeleza kazi moja tu katika ufuaji wa fedha, nayo ni kufua bizimu la mshipi na kulichora nakshi kwa mkono. Limekusudiwa hasa vijana wa Kwale, Ukunda, Diani na Msambweni waliokwisha kujifunza kushika tupa na msumeno katika vyuo vya ufundi. Lakini litamfaa mnunuzi pia, maana asiyeijua fedha huuziwa shaba kwa bei ya fedha.

KAZI HII ILIKOTOKA

Masonara wa Lamu, Mombasa na Unguja walifua vikuku, mitali, kekee, vipuli, vidani, mirashi, vyetezo na vibweta vya hirizi. Kwa wanaume walipamba ala za majambia pamoja na mishipi yake. Wanaume wa Kiislamu walipenda fedha kuliko dhahabu, kwa sababu wanazuoni hufundisha kwamba dhahabu haimfai mwanamume kuivaa, bali pete ya fedha inaruhusiwa. Huko Oman jambia na mshipi wake ni alama ya nchi hata leo, na limo katika bendera ya taifa; mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa jambia la Oman katika orodha ya urithi wa wanadamu. Barani nako Wakamba, ambao wengine wao wamekaa Shimba Hills tangu zamani za makazi mapya, walisifiwa kwa mikufu yao myembamba ya waya iliyosokotwa kwa mkono.

Masonara hao walipata wapi fedha? Aghalabu waliyeyusha sarafu. Iliyopendwa zaidi ilikuwa riale kubwa yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780 miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki. Riale moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 833 ni fedha safi. Fundi aliipenda kwa kuwa alijua kilichomo ndani yake kabla ya kuitia motoni.

Sasa tuivuke bahari. Bizimu pana la bamba, livaliwalo na wachunga ng'ombe wa Marekani ya Magharibi, lina historia inayofanana na hiyo. Wanavajo, wenyeji wa nchi kavu ya kusini-magharibi ya Marekani, walijifunza kufua fedha katika karne ya 19. Atsidi Sani, mhunzi wa chuma, hutajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza wao. Nao pia walianza kwa kuyeyusha sarafu, kwanza dola za Marekani, kisha peso za Mexico. Baadaye, katika karne ya 20, ikawa desturi kumpa bizimu kubwa la fedha mshindi wa mashindano ya kupanda farasi wakali na kukamata ng'ombe kwa kamba. Basi Mnavajo jangwani na sonara wa Lamu kisiwani hawakujuana kamwe, lakini wote wawili waligeuza pesa ya mgeni kuwa pambo la nyumbani.

KWA NINI BIZIMU

Katika pwani ya Diani wachuuzi huuza mishipi ya ngozi iliyotiwa shanga, kazi nzuri ya mikono ya Wamasai na Wasamburu. Lakini mara nyingi bizimu lake ni la kiwandani, la chuma chepesi kilichopakwa rangi, na baada ya misimu miwili ya jasho na hewa ya bahari huanza kupata kutu. Hapo mshipi wote hutupwa. Bizimu la fedha haliliwi na kutu, hutolewa katika mshipi mmoja na kutiwa katika mwingine, na mtoto huweza kulirithi kwa baba yake. Tena ni kitu kidogo chenye thamani kubwa. Mgeni hukisafirisha pasipo taabu, naye fundi hahitaji karakana kubwa ili kukitengeneza.

KUIJUA FEDHA

Fedha safi ni laini mno kwa bizimu; hujipinda na kukwaruzika. Kwa sababu hiyo huchanganywa na shaba nyekundu kidogo. Mchanganyiko unaokubaliwa katika nchi nyingi ni sehemu 925 za fedha na 75 za shaba katika kila 1,000. Kwa gramu 100, fundi hupima gramu 92.5 za fedha na gramu 7.5 za shaba.

Aliye na riale ya Maria Theresa iliyochakaa hawezi kuandika 925 juu ya kazi yake, kwa kuwa riale ni 833 tu. Yampasa aongeze fedha safi. Hesabu yake ni hii: riale moja ya gramu 28.07 ina fedha gramu 23.39. Ikiongezwa fedha safi gramu 34.3, jumla huwa gramu 62.37, na ndani yake fedha gramu 57.69. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata 925 katika 1,000. Kiasi hicho chatosha kufanya bizimu moja pamoja na viungo vyake, na chenga hubaki.

Shilingi za zamani za Afrika Mashariki zimewadanganya wengi. Zile zilizopigwa kati ya 1921 na 1946 zina robo tu ya fedha, yaani sehemu 250 katika 1,000. Na zile za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Anayeziyeyusha hupoteza makaa yake, tena huharibu kitu ambacho mkusanyaji wa sarafu angalimlipa zaidi. Ama sarafu inayotumika nchini hivi sasa, sheria yakataza kuiyeyusha.

KUYEYUSHA NA KUFUA

Fedha safi huyeyuka katika joto la digrii 962 za sentigredi. Ile ya 925 huyeyuka chini kidogo ya hapo, karibu na digrii 900. Moto wa makaa unaovuviwa kwa mivukuto hufika huko, na moto wa gesi hufika kwa upesi zaidi. Chungu cha kuyeyushia hupakwa kwanza unga wa buraksi, ili uchafu ushikwe na usirudi katika fedha.

Fedha iliyoyeyuka ina tabia moja ya ajabu: hunywa hewa. Inapoganda huitoa hewa hiyo kwa ghafula, ikatema matone na kubaki na vishimo. Dawa yake ni kufunika uso wake kwa vipande vya makaa wakati wa kuyeyuka na kutoizidishia moto. Kalibu ya chuma itiwe joto na kupakwa mafuta kabla ya kumiminia, kwa sababu kalibu baridi au yenye unyevu huweza kuirusha fedha ya moto usoni mwa fundi. Mwanafunzi asifanye kazi hii peke yake, wala pasipo miwani ya kukinga macho, viatu vilivyofunikwa na nguo ya pamba.

Kipande kikishapoa hufuliwa juu ya fuawe mpaka kiwe bamba la unene wa milimita 1.6 hivi. Kila kinapopigwa huzidi kuwa kigumu, na kikiendelea kupigwa hivyo hupasuka ukingoni. Kwa hiyo, fundi anaposikia mlio wa nyundo umekuwa mkali, hukirudisha motoni hata kiwe chekundu hafifu, wekundu unaoonekana kivulini tu, kisha hukizamisha majini. Afanyaye haya juani, kama wengi wafanyavyo, hauoni wekundu huo, na hutahamaki fedha imekwisha kuyeyuka.

Moto huacha weusi juu ya bamba, kwa sababu ya shaba iliyomo. Weusi huo huondolewa kwa maji ya ukwaju au ya ndimu yaliyochemshwa. Ni njia ya polepole, lakini salama. Wenye kutumia asidi ya salfa wakumbuke kwamba asidi ndiyo imiminwayo ndani ya maji, kidogo kidogo. Maji hayamiminwi kamwe ndani ya asidi.

KUKATA NA KUUNGA

Bizimu la kadiri huwa na urefu wa milimita 60 na upana wa milimita 45, pembe zake zikiwa zimeviringwa. Bamba la kipimo hicho lina uzito wa gramu 45 hivi. Likatwe kwa msumeno mwembamba, lisafishwe kwa tupa, kisha lipindwe kidogo kufuata umbo la tumbo, maana bizimu bapa humchoma mtu anapoketi. Chenga zote za msumeno na tupa zikusanywe katika ngozi iliyotandikwa mapajani. Mwisho wa mwezi huwa kipande kizima cha fedha.

Bizimu la namna hii halina ulimi kama bizimu la kawaida. Nyuma yake kuna vitu viwili. Upande mmoja kuna kitanzi cha waya wa milimita 3, ambamo ncha ya mshipi hupitishwa na kukunjwa. Kwa mshipi wa milimita 38, uwazi wa kitanzi uwe milimita 40. Upande wa pili kuna jino fupi, ambalo huingia katika tundu la mshipi. Jino liinamishwe kinyume cha upande mshipi unakovutia, kama kulabu ya ukutani ielekeavyo juu ilhali mzigo wavuta chini. Jino lililoelekea upande wa pili litaachia kila mtu anapovuta pumzi.

Viungo huungwa kwa lihamu ya fedha pamoja na buraksi. Siri yake ni kwamba lihamu hukimbilia mahali penye moto zaidi. Kama moto utaelekezwa kwenye waya mwembamba peke yake, waya utayeyuka na bamba litabaki baridi. Basi bamba zima litiwe joto kwanza, na waya mwishoni. Lihamu ya risasi, itumiwayo kwa mabati na nyaya za redio, isikaribishwe mezani hata kidogo. Fedha iliyoguswa na risasi, ikirudishwa motoni, huliwa na kutoboka. Tena ziko lihamu za fedha zenye kadmiamu, ambazo moshi wake ni sumu kali. Fundi aulize kabla ya kununua, akatae zenye madini hayo, na kazi yote aifanye mahali penye upepo.

KALAMU NA NAKSHI

Nakshi huchorwa baada ya viungo vyote kuungwa, ili moto usije ukaharibu mistari. Bizimu hubandikwa juu ya lami iliyochanganywa na unga wa matofali na mafuta kidogo, ndani ya bakuli zito. Bakuli nalo huwekwa juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga.

Kalamu ya nakshi ni kijiti cha chuma cha pua chenye pembe nne, kilichotiwa mpini wa mbao wa kulala kiganjani. Uso wake hunolewa kwa mshazari wa digrii 45, na chini ya ncha hunolewa kisigino kidogo cha digrii 15 hivi, kinachoiwezesha kalamu kuinuka isizame. Hunolewa kwa jiwe la mafuta, kisha husuguliwa mpaka ing'ae kama kioo, kwa kuwa mng'ao wa kalamu ndio mng'ao wa mstari. Kalamu butu haikati, bali huteleza. Na kalamu iliyoteleza huacha jeraha katika kazi, au katika kidole cha mkono wa pili. Basi mkono ulioshika bakuli usikae kamwe mbele ya ncha.

Wanaoanza hukosea katika jambo moja: huzungusha kalamu ili kufuata mviringo. Fundi mzoefu hufanya kinyume. Mkono wenye kalamu hutulia, ukisukuma mbele taratibu, na mkono wa kushoto ndio uzungushao bakuli. Kalamu ikilazwa ubavu kidogo, mstari hupanuka; ikisimamishwa, hupungua. Kwa kupanua na kupunguza hivyo katika mviringo mmoja, mstari hupata uhai, ukawa kama mmea unaotambaa juu ya ukuta.

Nakshi ichukuliwe wapi? Mabizimu ya Marekani huwa na majani yaliyojiviringa, farasi na ng'ombe. Hakuna ubaya kujifunza mviringo huo, lakini mgeni hasafiri mpaka Diani ili anunue farasi wa kwao. Milango ya Lamu na Unguja imejaa mifano: mnyororo, ua la yungiyungi, samaki na mawimbi. Shimba Hills kuna palahala, mnyama ambaye katika Kenya nzima makao yake yako huko. Pembe zake ndefu zilizopinda nyuma hufuata umbo la bizimu kana kwamba ziliumbwa kwa ajili yake. Diani kuna mbega mwenye manyoya marefu meupe mabegani, na baharini kuna jahazi.

Mambo mawili yataka adabu. Jina la Mwenyezi Mungu na aya za Kurani zisichorwe katika bizimu, kwa kuwa mshipi huingia na mwenyewe mahali pasipo tohara. Na alama za kaya, kama za Kaya Kinondo, zisitumiwe pasipo idhini ya wazee. Misitu hiyo mitakatifu ya Wamijikenda iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika urithi wa dunia, lakini heshima yake ilikuwako kabla ya hapo.

KUMALIZA KAZI

Mistari ya nakshi huonekana vizuri zaidi ikitiwa weusi. Weusi huo huletwa na salfa, na njia iliyo rahisi i jikoni: kiini cha yai lililochemshwa husagwa na kuwekwa pamoja na bizimu katika kopo lililofungwa barabara, pasipo kugusana. Baada ya muda fedha yote huwa nyeusi. Kisha uso husuguliwa kwa chokaa laini na kitambaa. Uso hung'aa, na weusi hubaki katika mistari. Salfa hiyohiyo iliyomo hewani ndiyo inayoifanya fedha kuwa nyeusi kabatini. Mwenye bizimu asiogope. Aifute kwa kitambaa kikavu na kuivaa mara kwa mara.

KUPIMA UAMINIFU

Kuna madini yanayofanana sana na fedha, yaliyo mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Sumaku haiyafichui. Kuna pia shaba iliyovikwa ngozi nyembamba ya fedha. Lakini kipimo cha maji hakidanganyiki kwa rangi. Bizimu lipimwe kwa mizani hewani, kisha lining'inizwe kwa uzi na kupimwa likiwa limezama majini. Fedha ya 925 yenye gramu 45 hupungua gramu 4.3 hivi katika maji. Madini yale ya bandia, kwa uzito uleule, hupungua karibu gramu 5.2. Mizani ndogo ya masonara yaonyesha tofauti hiyo waziwazi.

Fundi anayefanya kwa shaba hana aibu, maana shaba ni madini mazuri, na mwanafunzi yampasa aanze nayo. Aibu ni kuiita fedha. Mgeni mmoja aliyeuziwa bandia huwaambia wenzake kumi hotelini, nao hawaulizi ni nani aliyeuza. Husema tu kwamba pwani ile huuza bandia. Hivyo uongo wa mtu mmoja hula riziki ya mafundi wote wa Ukunda. Basi alama ya 925 ipigwe nyuma ya kazi inayostahili peke yake, na kando yake ipigwe alama ya fundi mwenyewe, ili mnunuzi ajue wa kumsifu au wa kumlalamikia.

Bei nayo iwe ya haki kwa pande zote. Daftari la fundi liwe na mistari minne: gramu za fedha kwa bei ya siku ile, makaa au gesi, kuchakaa kwa vyombo, na siku za kazi. Wengi husahau mstari wa nne, wakauza nakshi ya siku tatu kwa bei ya madini matupu. Fundi wa namna hiyo huchoka na kuacha kazi, na ujuzi wake hufa naye.

Anayetaka kuanza anunue bamba la shaba nyekundu na kalamu moja. Kwa mwezi wa kwanza achore mistari iliyonyoka tu, kila siku, mpaka yote ilingane kwa kina. Mwezi wa pili achore miviringo. Fedha ataigusa baadaye, mkono ukiisha kutulia. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii mstari uliokosewa haufutiki.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Fundi ana fedha safi gramu 37. Aongeze shaba gramu ngapi apate 925? (Jibu: gramu 3.)

2. Kwa nini bamba hutiwa joto kabla ya waya wakati wa kuunga?

3. Bizimu la gramu 60 limepungua gramu 6.9 majini. Je, ni fedha? (Jibu: La, fedha ya 925 ingalipungua gramu 5.8 hivi.)